F Lock ni Batani Moja

Kaari alikuwa amechoka hata kabla jua halijatoka. Alikuwa amekamua ng'ombe, ameamsha watoto, na amemkanda mumewe mgongo. Mumewe, Njue, alianguka kutoka kwenye mparachichi, na tangu hapo hajashika jembe. Nyumba nzima ilikula kwa kazi ya Kaari, karani wa kituo cha maziwa karibu na Embu.

"Ulilala kweli?" Njue aliuliza.

"Nilifunga macho," Kaari alijibu. "Kulala ni kitu kingine."

Kazi yenyewe si ngumu. Mkulima analeta mtungi, maziwa yanapimwa, na Kaari anaandika kilo kwenye kompyuta. Anabonyeza F2 kufungua jina la mkulima, kisha F10 kuhifadhi. Bila hivyo, maziwa hayapandi lori.

Asubuhi hiyo alibonyeza F2. Jina halikufunguka. Sauti ya spika ilipungua. Akabonyeza F10. Lo! Kikafunguka kikokotoo cha hesabu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Kikaja kikokotoo cha pili.

"Ai, na wewe!" Kaari alisema. "Nani amekuomba hesabu?"

Nje foleni ilizidi kurefuka.

"Karani, maziwa yangu yanapigwa na jua!" mama mmoja alipaza sauti.

Mwenyekiti wa kituo, Ireri, akaingia, uso umekunjamana. "Wiki jana ilikuwa printa, leo ni kibodi. Lori ikienda bila maziwa, Jumatatu naleta karani mwingine. Mimi nimechoka."

Kaari alitaka kumwambia kwamba hata yeye amechoka, lakini hakuthubutu. Aliogopa. Bila kazi hii, watoto wangekula nini?

Akampigia simu fundi wa mjini. Fundi alikuwa kwenye pikipiki, na upepo ulimeza maneno.

"Bonyeza F Lock, mama!" alisema. Simu ikakatika.

Kaari akabonyeza herufi F. Kisha akatafuta Lock. Lock aliyoijua ni moja tu, Caps Lock, ile ya herufi kubwa. Akaibonyeza. Akajaribu F2 tena, ikapunguza sauti vilevile, na sasa kila alichoandika kilitoka kwa herufi kubwa, kama tangazo la mnada. Machozi yakamlenga.

Katika foleni alikuwemo jirani yake, Mwalimu Wambeti, anayefundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Aliposikia kelele, aliweka mtungi wake chini akaingia.

"Mama Kinyua," alimwita Kaari kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "jana jioni ulifanya nini na hii kibodi?"

"Niliipangusa tu, Mwalimu. Mikono ya maziwa inafanya batani zinate, na unajua maziwa yakilala mahali yananuka. Niliisugua na kitambaa cha maji, vile nasugua mtungi."

"Na kompyuta ilikuwa imewaka?"

"Ndio."

Wambeti akacheka kidogo. "Basi kitambaa kilibonyeza hii."

Akaonyesha batani ndogo, juu upande wa kulia. Iliandikwa F Lock.

"Kumbe!" Kaari alisema. "Mimi nilibonyeza F, halafu Lock!"

"Ni batani moja, jina moja. Hizi za juu, F1 mpaka F12, kila moja ina kazi mbili. Moja ni ile programu yako inataka. Ya pili ni sauti, kikokotoo na mambo mengine. F Lock ndiyo inachagua. Ona, taa yake imezimika. Bonyeza mwenyewe, mara moja."

Kaari akabonyeza. Taa ikawaka. Akajaribu F2. Jina la mkulima likafunguka.

"Na kibodi ikikosa F Lock?" Kaari aliuliza huku akiandika.

"Angalia chini kushoto kama kuna batani ya Fn. Ishikilie, usiiachilie, halafu bonyeza Esc. Nyingi hukubali hapo. Ikikataa, hifadhi kazi, zima kompyuta, chomoa waya wa kibodi, urudishe, uwashe tena. Usigonge, hiyo haisaidii kitu. Na siku ya kupangusa, zima kwanza. Kitambaa kikamue vizuri."

Lori iliondoka na maziwa. Mtungi wa mama mmoja tu ndio ulikataliwa, kwa sababu maziwa yalikuwa yamekatika. Kaari alimwomba msamaha, lakini hakuweza kumtazama usoni.

Jioni alizima kompyuta, kisha akapangusa kibodi polepole. Ireri alisimama mlangoni akimwangalia.

"Jumatatu ufike mapema," alisema, akaenda zake.

Nyumbani Njue alikuwa ameketi mlangoni, anamngojea kwa wasiwasi. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Na kazi?"

"Ninayo," Kaari alisema. Akakaa kwenye kiti, na kabla hajavua viatu, usingizi ukamchukua.