Kovu la Mdogo Mtu

Mara ya kwanza mchoraji alidhani ni mkono wake umeteleza. Alikuwa amemaliza kumchora marehemu mdogo wake kwenye kompyuta kwa mtindo wa anime, macho makubwa, kipua cha nukta, nywele zinapepea, akaenda jikoni kunywa maji. Aliporudi, shavuni pa picha palikuwa na kovu.

Akalifuta. Picha ilikuwa zawadi kwa mpwa wake, binti wa marehemu, mtu pekee aliyebaki naye nyumbani tangu msiba. Alijiambia kwamba mtoto wa miaka tisa hana haja ya kukumbushwa mafuta ya moto yaliyomchoma mama yake shavuni. Mchoraji huyu alikuwa hodari wa kujiambia mambo.

Alipopitisha mistari safi, kovu likarudi. Alipopaka rangi ya ngozi, likatokeza juu yake, jekundu, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Akaigeuza picha kushoto kulia, kama wachoraji wanavyofanya kutafuta kasoro. Uso uligeuka, kovu likabaki palepale. Akazima leya, yaani tabaka za picha, moja moja, vivuli, rangi, mistari, mpaka kioo cha kompyuta kikawa cheupe, kovu limekaa peke yake katikati ya weupe.

Akaitwa fundi wa kompyuta. Alikuja na majigambo yake, akapuliza vumbi, akabadilisha waya, akasema kalamu ya kuchorea imechoka. Alipoishika tu aliiachia, vidole vimetoka malengelenge.

"Dada, hii siyo kazi yangu," alisema kwa sauti ya chini, akaondoka bila hata kudai nauli.

Hapo mchoraji akapandwa na hasira. Mdogo wake hakuwahi kumshinda akiwa hai, ndiyo amshinde sasa? Akaketi mchana kweupe, akafuta, akafuta tena, na kila alipofuta mlio wa mafuta yanayochemka ukazidi kupanda kutoka ndani ya kioo, kalamu ikamchoma na hakuiachia, harufu ikamjaa kooni, mpaka pumzi ya moto ikamfika sikioni na sauti anayoijua vizuri ikasema:

"Uliwaambia nilijimwagia."

"Niache, nakuomba," alinong'ona.

"Mwambie mwanangu."

Miaka kumi na minane alikuwa amewaambia wazazi, majirani, na wachumba waliokuja wakaona lile shavu wakarudi walikotoka, kwamba mdogo wake alijikwaa jikoni. Uongo mtupu. Mdogo mtu alichana daftari la michoro la dada yake, na dada mtu akainua kikaango cha mafuta.

Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni. "Mama mkubwa, mbona kunanuka?"

Akamweleza yote, bila kupamba, huku akilichora kovu kwa mkono wake mwenyewe, kila mkunjo mahali pake. Alipomaliza, mlio ulikatika, harufu ikaisha, kalamu ikapoa. Pepo alikuwa ametoka.

Mtoto aliitazama picha.

"Mama alipokuwa anaumwa, kabla hajafa, ulimwomba msamaha?"

"Hapana."

Mtoto akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi, taratibu, bila machozi. Mchoraji alimwita mara tatu. Mwenye hasira katika nyumba ile sasa alikuwa hai, mwenye miaka tisa, na hakuna mganga ambaye angeweza kumtoa hasira hiyo.