Kitambaa cha Njano cha Mama Elinami

"Mzigo umetoka," redio ilisema. "Hilux nyeupe, barabara ya Moshi. Ukiukosa, usirudi."

"Nimesikia, Kilele." Hilo lilikuwa jina la redioni la mkuu wake wa upelelezi.

Anyesi Sumari akazima Motorola, akaipiga teke pikipiki yake, Yamaha DT, akatoka mtaa wa Sokon I akirusha tope kwenye kuta za watu. Kwapani alikuwa na bastola, Beretta. Begani, mkoba wa kike, na ndani ya mkoba waya wa mita tatu. Huo waya tutaufikia, usiwe na haraka.

Ijumaa, mwaka 1997. Saa mbili na robo asubuhi.

Soko huria, walituambia. Milango ikafunguliwa, na wageni kweli wakaja, wengine na mitaji, wengine na makucha. Mmoja wao, Kessler, alikuja na tai, laptop ya Toshiba na Kiswahili cha kujifunzia hotelini. Akawaambia viongozi wa Ushirika wa Wachimbaji Tumaini kwamba kompyuta yao ya zamani ya DOS ni maiti, dunia imeshahamia Windows 95. Atawaletea mpya na kuwahamishia mafaili yote. Bure. Mtu mzima ukiambiwa bure na usishtuke, umeyataka mwenyewe.

Kwenye kompyuta ya zamani kulikuwa na rejista: wachimbaji wadogo mia tatu na arobaini, kila mmoja na kitalu chake. Kwenye ile mpya Kessler alikuwa ameingiza majina mengine, yote ya watu wa kampuni yake. Saa nne kamili afisa wa madini kutoka Dar angepokea orodha kwenye disketi ya mfumo mpya. Asiyekuwemo, kitalu chake kimekwenda.

Kitalu namba 117 kilikuwa cha Loserian Sumari. Kaka yake Anyesi. Saa hiyo alikuwa mita sitini chini ya ardhi, anapasua mwamba kwa nyundo, hana habari.

Kwa wiki tatu Anyesi alikaa ofisi ya ushirika akijifanya mpiga chapa, akinywa chai na kumwangalia Kessler. Leo alfajiri mtu akavunja kufuli. Kompyuta ikabebwa; ya zamani, Kilele aliamini.

Tengeru ikapita. Makumira ikapita. Mvua ilikuwa imeacha barabara na mashimo ya kuzika mbuzi, lakini Yamaha haikupunguza.

Akaiona Hilux kwenye daraja la Mto Usa.

Imesimama.

Stanley, dereva wa Kessler, alikuwa anashusha boksi. Kessler mwenyewe alisimama kwenye ukingo, mikono mifukoni.

"Weka chini hilo boksi!" Anyesi alibana breki, akaiacha pikipiki ianguke yenyewe. Beretta ilikuwa tayari mkononi.

Stanley akaachia boksi, akaingiza mkono kiunoni.

Risasi moja. Kioo cha pembeni cha Hilux kikasambaratika sentimita chache kutoka sikioni kwake. Stanley akalala kifudifudi bila kuambiwa, viganja juu ya kisogo.

"Mpiga chapa," Kessler alisema taratibu. "Nilijua unachapa vibaya mno."

"Ondoka kwenye boksi."

"Nina watu Dar, binti. Wewe una nani? Wachimba mashimo?"

"Nina risasi kumi na nne. Ondoka."

Kessler akatabasamu. Akaliinua boksi kwa mikono miwili, akalisukuma juu ya ukingo.

Anyesi aliruka. Akaambulia kitambaa kilichokuwa kikining'inia nje ya boksi.

Kilikuwa kitambaa cha kufuma, cha njano, chenye maua pembeni, ambacho Mama Elinami, karani wa ushirika, hufunikia kompyuta yake ya zamani kila jioni. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda chini. Vikagonga mawe.

"Pole," Kessler alisema. "Mafaili ya zamani hayaingii kwenye mfumo mpya. Niliwaambia."

Hasira ilimpanda Anyesi mpaka macho yakamuuma. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio, na kwa muda mfupi, tusidanganyane, alitaka kukivuta. Akamwona Loserian akitoka shimoni, kichwa cheupe kwa vumbi, akikuta mlinzi na mbwa wa Kessler.

Akatazama chini ya daraja.

Boksi lilikuwa limepasuka. Juu ya jiwe palilala bati la kompyuta, jeupe, jipya, nailoni ya dukani bado imeshika pembeni.

Ile ya zamani ilikuwa na rangi ya ugali wa mtama.

Kessler naye akachungulia. Tabasamu likamtoka usoni.

"Stanley," alisema. "Umebeba nini?"

"Bosi, uliniambia yenye kitambaa cha njano." Stanley aliongea akiwa bado amelala. "Ndiyo hiyo. Nimeiweka kwenye boksi na kitambaa chake. Mimi kompyuta nazijulia wapi?"

Anyesi akawafunga pingu wote wawili kwenye bampa, mmoja huku, mmoja huku. Akachukua Toshiba kwenye kiti cha mbele.

Akawasha Motorola. "Kilele, njoo uchukue takataka. Daraja la Usa."

"Na mzigo?"

"Nadhani haujatoka ofisini."

Saa tatu na dakika ishirini na tano aliingia ofisi ya ushirika, Sokon I, tope hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama Elinami."

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka wapi? Na wezi wameingia, wamebeba ile kompyuta mpya na kitambaa changu juu yake."

"Kwa nini kitambaa kilikuwa kwenye mpya?"

Mama Elinami alimtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini wageni hupewa kiti. "Si mgeni anakuja leo kutoka Dar? Kitambaa kizuri kinakaa kwenye kitu kipya. Jana jioni nilihamisha."

"Na ya zamani?"

"Ipo. Nimeitandikia khanga."

Ilikuwa pembeni, na juu yake sinia, chupa ya chai na vikombe sita.

Anyesi alicheka peke yake. Akateremsha sinia, akarudisha kioo na kibodi mahali pake, akautoa ule waya mkobani. Ncha moja kwenye tundu la nyuma la mashine ya zamani, ncha nyingine kwenye Toshiba ya Kessler, yenye Windows 95 ya Kessler. Akaandika amri.

Herufi zikaanza kupanda kwenye kioo, mstari kwa mstari.

Dakika kumi na moja. Mafaili yote yakahama.

Akateremsha orodha hadi 117. *Sumari, Loserian.* Akalisoma jina hilo mara mbili. Kisha akaweka disketi ndogo, ile ya mfumo mpya, akanakili, akamkabidhi Mama Elinami.

"Mpe afisa mkononi. Usimpe mtu mwingine."

"Wewe huketi? Anakuja sasa hivi. Chai ipo."

"Nitakunywa siku nyingine, mama."

Akafungua zipu ya koti, akatoa kile kitambaa, kimelowa tope upande mmoja.

"Kifue," alisema. "Kikikauka, kirudishe kwenye ya zamani."

Nje gari la serikali lilikuwa linaingia getini. Anyesi akaliacha lipite, akawasha Yamaha, akashika njia ya Lemara bila kugeuka.