Kompyuta ya Ivy Si Karai la Kuazimana

Mimi ni Gathoni. Nina duka dogo hapa Isiolo mjini, nauza sukari, majani ya chai, sabuni na mafuta ya kupima. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaachia hapo. Naandika haya nikiwa na hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi. Kama una mtoto anayefanya kazi ya kompyuta nyumbani, soma polepole mpaka mwisho.

Mtoto wangu anaitwa Ivy. Alikuwa karani kwa duka la vifaa vya ujenzi miaka minne. Siku moja akarudi mapema, akaniambia, "Mum, nimeacha kazi."

"Umefutwa?"

"Nimeacha mwenyewe. Nimejifunza kuandika programu za kompyuta. Nitakuwa nafanyia watu kazi kwa mkataba. Nikimaliza ya huyu, naenda kwa mwingine."

"Na ofisi iko wapi?"

"Hapa mezani."

Hiyo sikuielewa. Karani anajulikana. Mtu wa mezani ni nani? Wateja wakiuliza habari yake nilikuwa nasema, "Ivy ako tu nyumbani." Basi mtaa mzima ukajua hana kazi. Huyu analeta simu imezima, yule fomu ya kujazwa, mwingine picha za harusi zipunguzwe tumbo. Na mimi ndiye nilikuwa nawafungulia mlango.

Lakini kazi alikuwa nayo. Asubuhi aliandikia wateja wake wa mbali programu. Mchana alijitolea kusaidia wanawake wanaouza maziwa ya ngamia. Kabla ya hapo, hao wanawake walikuwa wanasimama kwa jua bila kujua gari la maziwa kutoka malishoni liko wapi. Likifika, mtungi mmoja umeharibika, na hakuna anayejua ni wa nani. Ivy akawatengenezea programu. Sasa kila mwanamke alipata ujumbe kwa simu: gari limetoka Kulamawe, litafika saa fulani, mtungi wako umepita au umekataliwa. Hakuwauliza malipo. Alisema, "Mum, hawa ndio watu wangu."

Kikundi kina wanawake thelathini na tisa. Mwenyekiti wao ni Mama Tache, Mborana, mtu wa maneno machache. Katibu alikuwa Kimotho, mwanaume wa suti, aliyewekwa hapo kwa sababu anajua kuandika barua. Mimi na yeye tunasali kanisa moja.

Jumatano moja, saa tisa mchana, Ivy alikuwa soko la maziwa. Kimotho akaja.

"Mama Ivy, Bwana asifiwe. Ivy ako?"

"Ametoka kidogo."

"Aii! Nilikuwa nataka tu hiyo kompyuta dakika tano. Nitoe orodha ya kikundi nikaichapishe."

"Si umngoje?"

"Mama Ivy, kwani mimi ni mgeni hapa?"

Hapo ndipo aliponishika. Kwetu kwa ploti, tunakopanga nyumba pamoja, mtu akiomba karai, unatoa. Akiomba ngazi, unatoa. Ukikatalia jirani, utaitwa mchoyo mpaka siku ya kuzikwa. Basi nikampa kompyuta ya mtoto wangu vile ningempa karai la kufulia. Neno la siri lilikuwa kwa karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta. Nilimsomea herufi moja moja, mimi mwenyewe, na miwani kwa pua. Nikamwekea na chai.

Ivy aliporudi sikumwambia. Sikuona kama kuna kitu cha kuambia mtu.

Baada ya wiki mbili Mama Tache akaingia nyumbani kwetu. "Salaam aleikum," akasema, na hakungoja jibu. Akamsukumia Ivy simu. "Soma! Soma kwa sauti, mama yako asikie!"

Ivy akasoma. Ulikuwa ujumbe wa kumkaribisha kwa chama cha siasa. Eti amesajiliwa mwanachama.

"Mimi sikuweka sahihi," akasema Mama Tache. "Sikuweka kidole. Lakini wako na jina yangu yote tatu, na nambari ya kitambulisho! Na si mimi pekee, ni wanawake wote. Hizo tulipea nani?"

"Mama Tache, wallahi sijui..."

"Usiniapie! Tulikuita mtoto wetu. Umetuuza kama mbuzi. Kesho asubuhi nakutangaza kwa soko, na hiyo programu yako utoe. Isiolo hii hakuna mtu atakupatia kazi tena."

Akaenda. Ivy akafungua kompyuta. Kumbe kompyuta huwa inaandika kila kitu inachofanyiwa. Akaangalia, akanigeukia.

"Mum. Orodha ilitolewa Jumatano, wiki mbili zilizopita, saa tisa na dakika kumi. Nani alishika kompyuta yangu?"

Nilitaka kusema sijui.

"Kimotho," nikasema. "Alisema ni dakika tano. Nikamsomea neno la siri hapo chini ya kompyuta."

Mtoto wangu hakunigombeza. Alikaa chini akafunika uso, na hiyo iliniuma zaidi. Mimi nikachukua mwiko wa ugali nikatoka. Ningempasua huyo Kimotho na suti yake!

Aliyenizuia ni jirani yetu Nafiso. Yeye hutunza rekodi za wagonjwa katika kituo cha afya, na kelele zetu alikuwa amezisikia.

"Mama Ivy, ukimpiga, majina yatarudi?"

"Yatarudi au hayatarudi, nimpige kwanza!"

"Weka mwiko chini. Kaa." Tukaingia. Akamuuliza Ivy, "Kwa orodha kulikuwa na nini?"

"Majina, simu, na nambari za vitambulisho."

"Maziwa inahitaji nambari ya kitambulisho ya nini?"

Ivy akaifungua orodha tena. "Ilikuwa kwa kitabu ya kikundi. Nikanakili tu yote."

"Kosa yako ilianzia hapo. Kama kazi haihitaji kitu, usikiweke. Hangekipata. Na neno la siri chini ya kompyuta? Si ni kama kufunga duka na kuacha ufunguo kwa kufuli?" Akanigeukia. "Na wewe. Kwa kituo chetu, mgonjwa akinipa habari zake, hata bwana yake akija kuuliza simwambii. Si yangu kutoa. Na hii orodha haikuwa yako. Si ya Ivy pia. Ni ya hao wanawake."

"Lakini Kimotho ni katibu!"

"Hata katibu. Walitoa majina kwa sababu ya maziwa. Ukiyapeleka kwa siasa bila kuwauliza, umevunja sheria. Kenya iko na sheria ya kulinda habari za watu, na kuna afisi ya kamishna wake ya kupeleka malalamiko. Na mtu akiandikwa kwa chama bila kutaka, anaandika barua kwa chama na kwa msajili wa vyama atolewe."

"Na Mama Tache?" Ivy akauliza.

"Nenda kwake kesho, kabla aanze kutangaza. Mwambie kilichotoka, vile kilitoka, na vile utafanya."

"Si nitaonekana mjinga?"

"Utaonekana. Lakini hutaonekana mwizi."

Asubuhi tukaenda sokoni sote watatu, mimi, Ivy na Nafiso. Wanawake walikuwa wamesimama kando ya mitungi, nyuso zimekunjwa. Kimotho pia alikuwepo, ametulia kama mtu asiye na habari. Ivy akasema kila kitu. Mimi nikasema yangu: "Mimi ndiye nilimpa. Nilimsomea neno la siri."

Kimotho akacheka. "Akina mama, hii ni siasa tu. Chama ni cha maendeleo, kilikuwa kinatafuta wanachama tu. Hata ningewauliza mngekubali."

"Basi mbona hukuuliza?" akasema Mama Tache.

Nakuam, mama Mturkana mwenye mtoto mgongoni, akasogea mbele. "Bwana yangu ameona hiyo ujumbe. Ananiuliza nimeingia chama cha nani nikimficha. Nimwambie nini, Kimotho? Njoo umwambie wewe!"

Kimotho walimvua ukatibu hapo hapo, mbele ya mitungi. Aliondoka akisema tutamhitaji.

Siku hiyo yote Ivy alikaa sokoni akiandikia kila mwanamke barua yake ya kujitoa kwa chama. Nafiso alimwonyesha namna ya kupeleka malalamiko kwa afisi ya kamishna, na wakayapeleka. Majibu hayakuja haraka. Yalikuja moja moja, na sasa karibu majina yote yametolewa kwa chama. Wanawake watatu walitoka kwa programu na hawajarudi mpaka leo. Siwalaumu.

Nyumbani tumebadilika. Ile karatasi tulichoma kwa jiko. Kompyuta inajifunga yenyewe Ivy akisimama, na neno la siri analijua yeye peke yake. Amefuta vitambulisho vyote. Ameandikiana makubaliano na kikundi: yeye anafanya nini, siku gani anajitolea, nani anaruhusiwa kufungua orodha. Mama Tache ana nakala kwa mkoba wake. Na mtu akija dukani kuomba "dakika tano tu" za kompyuta, namwambia hapana, hata awe ni mchungaji. Wengine wananiita mchoyo. Waniite!

Wakulima wa Kinna walisikia habari yote, ubaya na uzuri. Ndio walikuja wenyewe kumpa Ivy mkataba. Walisema wanataka mtu anayekubali kosa kabla ya kukamatwa.

Mama Tache naye alikuwa ametoka kwa programu, na kurudi alichelewa. Alikaa karibu miezi miwili bila kuingia kwetu. Halafu juzi akaja, akavuta kiti, akakaa karibu na meza.

"Niandike tena," akamwambia Ivy. "Jina moja na simu. Nambari ya kitambulisho hupati."

"Siitaki, Mama Tache."

"Hata ukiitaka."

Ivy akaandika. Mama Tache hakuinuka. Alikunywa chai yake pole pole, macho kwa kompyuta, mpaka Ivy aliposimama naye akaona imejifunga.