Ngazi ya Kwanza Haihesabiwi

Siku tuliyochagua ile nyumba ilikuwa Jumatano ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Nilishapiga pasi mashati, nilikuwa nakaanga samaki wakavu, na simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye sufuria ya wali ili nione picha huku mikono ikifanya kazi.

Mume wangu, Nestor, anaendesha lori la vinywaji, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alikuwa amepewa Jumamosi na Jumapili zote mbili. Sikutaka zipotee kwa kulala. Binti yetu Ning, mwenye miaka sita, alikuwa ametoka hospitali mwezi mmoja kabla. Homa ya dengue. Alilazwa siku kumi na moja, na katika hizo kulikuwa na mbili ambazo daktari alipita kitandani bila kunitazama usoni. Alipopona alikuwa mifupa na macho. Kila mtu alisema apelekwe mlimani apate hewa. Sisi tunaishi Marikina, kando ya Manila, na milima ya Tanay iko mwendo wa saa moja na nusu tu. Hiyo hata safari huwezi kuiita.

Kulikuwa na nyumba tatu za mbao zilizoendana na mfuko wetu. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea, lakini maji yake yalikuwa na rangi ya mboga za juzi. Ya pili ilikuwa nzuri, ya mianzi, na baraza pana. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Nikamwonyesha mama mkwe wangu, Mama Caring, ambaye tunaishi naye.

Alivaa miwani, akaanza kugonga kioo cha simu kwa ukucha, ngazi moja moja kutoka chini. "Dhahabu, fedha, kifo. Dhahabu, fedha, kifo." Akanirudishia simu kama anayerudisha samaki aliyeoza. "Ngazi sita. Mimi siendi."

Kwetu hata kibarua wa ujenzi anajua hesabu hiyo. Ngazi ya juu kabisa isiangukie kifo.

"Mama, tunalala siku moja tu," nikamwambia.

"Na kifo kinahitaji siku ngapi?"

Nestor akacheka kutoka bafuni. "Mwache mama. Hata benki atatuhesabia ngazi."

"Benki wana lifti, mpumbavu we. Oga utoke."

Ya tatu ilikuwa ndogo, imezungukwa na misonobari, na ngazi zake zilikuwa saba. Mama Caring alizihesabu mara mbili. Dhahabu, fedha, kifo, dhahabu, fedha, kifo, dhahabu. Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikasoma maoni ya waliowahi kulala pale. Yalikuwa machache. Moja liliandikwa na mama mmoja: "Pametulia, panafaa watoto. Binti yetu alipata rafiki, hakutaka kuondoka."

Nikalisoma kama sifa. Nikalipia.

Tulifika Jumamosi kabla ya saa sita. Mtunzaji wa nyumba alitusubiri getini, mwanamke wa makamo, mkavu kama kuni, anaitwa Aling Sepa. Alibeba mtungi wetu wa maji begani kama si kitu. Alipofika kwenye ngazi alifanya jambo moja ambalo niliona na nikalisahau palepale. Aliinua mguu juu, akaruka ngazi ya kwanza, akaanzia ya pili.

"Ile ya chini inateleza," alisema bila kugeuka. "Mtoto mvusheni."

Ngazi sita za juu zilikuwa za mbao nyeusi, za zamani. Ya chini ilikuwa bamba la marumaru, jeupe lenye mishipa ya kijivu, limelazwa juu ya matofali mawili na kuacha uwazi mdogo chini yake. Nilidhani mwenye nyumba aliishiwa mbao. Mama Caring alipanda polepole, akigusa kila ngazi kwa fimbo yake. Alipofika juu akasema "dhahabu" kwa sauti, kama anayefunga mjadala.

Tulikula vizuri. Nestor alichoma nyama ya nguruwe, mimi nikapika mchuzi wa ukwaju, na Ning akamaliza sahani nzima ya wali. Nilimtazama akitafuna nikaona kwamba nimefanya jambo la maana. Baadaye aliomba kucheza nje. Ngazi nilikuwa naziona kutoka dirisha la jikoni. Nikamruhusu.

Saa tisa ukungu ulishuka. Mlimani ukungu ni kama mgeni asiyebisha hodi. Misonobari ikafutika mmoja mmoja, kisha gari letu, kisha geti. Nikawa naosha vyombo na kumsikia Ning akiongea pale chini, na mara kwa mara akinyamaza, kama anayesubiri kujibiwa.

Nikasikia miguu yake ikipanda. "Dhahabu. Fedha. Kifo. Dhahabu. Fedha. Kifo." Akaingia ndani amelowa nywele, anacheka.

"Umekosea," nikamwambia. "Ziko saba."

"Ya kwanza haihesabiwi, mama. Ile si ngazi. Ni ya kwake."

"Ya nani?"

Akachota maji, akanywa, akatoka tena.

Mtoto mwenye homa ya juzi husema mengi. Niliendelea kusugua sufuria. Mama Caring alikuwa amesinzia kwenye kiti, Nestor anakoroma chumbani. Nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia matone yakidondoka kutoka kwenye paa. Miguu ikapanda tena. Hesabu ileile, ikaishia palepale. Kifo. Lakini safari hii Ning hakuingia. Alisimama juu mlangoni, akainamia chini kwenye ukungu, akanong'ona, "Mbili."

Nikafuta mikono. "Mbili nini, mwanangu?"

"Nimemaliza na kifo mara mbili. Amesema nikimaliza mara tatu, nitaruhusiwa kulala kwake."

Nilikwenda mlangoni. Kwenye ngazi hakukuwa na mtu. Kiatu kimoja tu cha Ning, cha plastiki, kilikuwa kimeingia chini ya lile bamba na kisigino chake kikichungulia nje.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Usitoke."

Nilishuka. Bamba nililiruka, sijui kwa nini. Nikapiga magoti kwenye nyasi mbichi, nikaingiza mkono chini nivute kile kiatu. Kiatu kikasogea ndani. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mgongo wa mkono wangu ukakwaruza sehemu ya chini ya lile jiwe, na nikajua palikuwa pamechongwa.

Nikageuza kiganja juu. Nikapapasa. Msalaba. Chini yake herufi nyingi ndogo, zimejaa uchafu. Chini yake tarakimu. Moja, tisa, sita, moja. Kistari. Moja, tisa, sita, saba.

Nilifanya hesabu pale pale nikiwa nimepiga magoti. Miaka sita.

Kisha kitu kikashika kidole changu. Hakikuvuta. Kilishika tu, taratibu, kama mtoto anavyoshika kidole cha mtu mzima akisubiri kuvushwa barabara.

Kilikuwa baridi na kimelowa.

Nilichomoa mkono. Ngozi ilibaki kwenye tofali. Nilipoinua macho Ning alikuwa hayupo mlangoni. Alikuwa kwenye ngazi, amenipa mgongo, anapanda. Alinipita lini, sikumwona.

"Dhahabu," alisema.

"Ning!"

"Fedha. Kifo."

Niliruka. Goti likagonga mbao.

"Dhahabu. Fedha."

Nilimdaka kiunoni mguu wake ukiwa hewani. Nikamvutia kifuani. Hakugusa ile ya juu. Nina hakika. Nilikuwa nautazama unyayo wake.

Neno la mwisho lilitamkwa hata hivyo. Halikutoka kinywani mwake. Lilitoka chini yetu, kwa sauti ya mtoto aliyekasirishwa.

Niliita. Nestor akatoka amefunga taulo, Mama Caring nyuma yake na fimbo. Ning nilikuwa nimemkumbatia katikati ya ngazi, sitaki kupanda wala kushuka. Aling Sepa alitokea kwenye ukungu akikimbia, na aliponiona nilivyomshika mtoto akasimama. Alijifuta uso kwa aproni.

"Jiwe hilo limetoka wapi?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nilimwambia mwenye nyumba. Nilimwambia. Lakini mimi nani?"

"Limetoka wapi?"

"Makaburini." Alisema kwa sauti ndogo. "Ngazi zilikuwa sita. Wageni walikuwa wanakuja na bibi zao, bibi wanahesabu, wanageuza magari. Akataka ziwe saba. Kule makaburini walikuwa wamevunja yale ya zamani ambayo ndugu hawayalipii kodi tena, mifupa wakaitia kwenye magunia. Jiwe lilikuwa limetupwa. Akasema ni zuri, halina gharama."

Mama Caring alikaa chini mlangoni. Yeye ndiye aliyezihesabu. Mara mbili.

"Binti wa yule mama aliyeandika kwamba mtoto wake alipata rafiki hapa," nikauliza. "Alihesabu mara ngapi?"

Aling Sepa alitazama miguu yake. "Walirudi Manila naye vizuri tu," alisema. Kisha akaongeza, "Baadaye sijui. Simu yao haipatikani."

Tuliondoka saa kumi na moja kasoro. Nilimshusha Ning kupitia ubavuni mwa baraza, nikamkabidhi Nestor kwa mikono kama kifurushi. Kiatu tulikiacha. Ning hakulia. Alitazama nyuma kupitia kioo cha gari mpaka geti likapotea, akapunga mkono mara moja, akalala.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana la mwenye nyumba nimeshalieleza.

Kwetu ukitoka msibani huendi nyumbani moja kwa moja. Unasimama mahali, duka la mikate, kituo cha mafuta, popote penye watu, ili kinachokufuata kipotee njia. Tulipofika Antipolo, Mama Caring alisema, "Nestor, simama. Hata dakika tano." Nestor akanitazama. Mvua ilikuwa inanyesha, Ning alikuwa ametoka jasho shingoni, nami mwili wote ulikuwa unauma. Kichwani nilimwona akirudi hospitali. Sikuona kingine.

"Twende nyumbani," nikasema. "Mtoto amechoka."

"Mwanangu, nakuomba."

"Mama, hatukutoka msibani."

Mpaka leo hajanilaumu, na afadhali angenilaumu.

Nyumba yetu ni nyembamba, ya ghorofa moja, na ngazi zake ni kumi na tatu. Mama Caring alizihesabu kabla ya sisi kuhamia. Dhahabu. Usiku ule nilimpandisha Ning begani akiwa usingizini. Jumapili homa haikurudi. Alikula, akatazama katuni, akalala kwenye kochi, nikampandisha tena. Nikaanza kupumua.

Jumatatu jioni nilimwambia akavue sare. Alisimama chini ya ngazi, akashika mbao ya kushikia, akainua mguu juu sana, akaruka ya kwanza.

"Dhahabu," akasema.

Nilitupa kisu na kitunguu. Nilimkuta kwenye ya tatu. Nikamteremsha, nikamkalisha mezani.

"Kwa nini umeiruka ile ya kwanza?"

"Amekaa, mama. Nitamkanyagaje?"

Kumi na tatu ukitoa moja ni kumi na mbili. Kumi na mbili inaishia wapi, hesabu mwenyewe. Nilizihesabu kwa macho nikiwa nimesimama pale, vidole vinanuka kitunguu.

"Imebaki mara moja tu," Ning akasema, akichezea kifungo cha sare. "Anasema hana haraka."

Nestor alishusha magodoro usiku uleule. Tangu hapo tunalala wote sebuleni, wanne kama samaki wa kopo, na kabati la vyombo nimelisukuma likaziba ngazi. Padri alikuja, akanyunyiza maji. Aling Sepa nilimpigia. Mwanamke yule, Mungu ambariki, alilichukua bamba lile mwenyewe kwa toroli na kulirudisha makaburini, akawasha mshumaa, akaitwa mwizi na mwenye nyumba.

"Nimelirudisha, dada," aliniambia. "Lakini nilirudisha jiwe. Jiwe tu." Akakata simu.

Sasa ni miezi mitano. Ning amenenepa. Mashavu yamerudi, anaruka kamba, mwalimu anasema anaongea kupita kiasi. Kila siku namuuliza kama amemwona tena, naye hunijibu kama anayechoshwa na swali: "Si yupo pale." Mtu akija akatuuliza kwa nini tumeziba ngazi, nasema mbao zimeoza.

Ikifika alfajiri mimi huwa wa kwanza kuamka. Nasogeza kabati kidogo, napenya na ndoo na kitambaa. Ngazi ya kwanza daima ni kavu. Kuanzia ya pili kuna nyayo ndogo zenye maji, ukubwa wa kiganja changu, mmoja kwa kila ngazi. Nazifuta mpaka ya juu kabisa, kabla Ning hajaamka. Kisha nashuka kinyumenyume, nikizitazama.

Huwa zinapanda. Sijaona hata siku moja zinazoshuka.