Sauti ya Huduma kwa Wateja

Jioni hiyo nilikwenda hospitali kujaza mashine, kama kawaida. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unafungua kioo, unapanga makopo ya soda na pakiti za biskuti, unazoa sarafu, unafunga. Mgonjwa au mgeni wake anatumbukiza sarafu, anabonyeza namba, kitu kinadondoka. Biashara ilikuwa ya kaka yangu. Miguu, mgongo na mdomo vilikuwa vyangu.

Nikaikuta mashine imekufa. Taa haziwaki, soda za moto, na msimamizi wa jengo amesimama pembeni amekunja mikono.

"Dada, nimechoka na nyinyi," akasema. "Kesho nisipoona mashine nzima hapa, nafasi hii nampa mwingine."

Nikafunga kioo, nikabeba soda zangu za moto, nikaondoka. Korido ile ya hospitali ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mashine zetu nyingine zilikuwa za kubangaiza tu.

Mashine mpya tulikuwa tumeshaiagiza tangu mvua zinaanza. Mvua zikanyesha, zikaisha, vumbi likarudi, mashine hakuna. Kazi ya kuwapigia wale wasambazaji ilikuwa yangu. Unapiga, unaambiwa simu yako ni muhimu sana kwetu, halafu unawekewa kinanda. Kinanda mpaka betri ikate roho. Siku moja akapokea mtu wa kweli, jamani, nikafurahi kama mjinga. Akaniambia mzigo uko njiani. Nikamuuliza, njia gani hiyo, inapita mbinguni? Akanikatia simu.

Nilirudi stoo kumpa kaka habari. Stoo yetu ni chumba kimoja nyuma ya gereji, mlango wa bati, harufu ya maboksi na oili. Njiani nilimpigia mama kumwambia nitachelewa kidogo. Mama haoni. Macho yalimzimikia nikiwa bado msichana, na tangu hapo mimi ndiye dirisha lake. Nikifika getini lazima niite, "Mama, nimerudi!" Nisipoita, anashika fimbo. Namsomea habari, namgombeza asipokula, naye ananiambia mdomo wangu mkali kama pilipili lakini bila huo mdomo asingejua asubuhi imefika.

"Usichelewe," akasema. "Nyumba ikinyamaza naogopa."

Kaka alikuwa amekaa juu ya kreti, simu mkononi, anatabasamu.

"Nimepata wasambazaji wengine," akasema. "Nimepewa namba na yule mwenzetu wa mashine za stendi, yule aliyeacha biashara ghafla."

"Aliachaje ghafla?"

"Sijui. Mambo ya mdogo wake, alianza kuugua. Sasa sikiliza."

Akapiga, akaweka spika.

Simu haikuita hata mara moja.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Ilikuwa sauti ya kijana. Tamu, ya upole, sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Lakini nyuma yake hapakuwa na kitu. Hakuna watu wanaoongea, hakuna feni, hakuna gari linalopita. Hata pumzi yake sikuisikia.

"Nataka mashine moja kubwa, ya soda na biskuti," kaka akasema. "Na usiniambie iko njiani."

"Inafika jioni hii, kaka."

Kaka akacheka. Mimi sikucheka. Jua lilikuwa linazama na stoo ilianza kuingia giza.

"Nani atapokea?" kijana akauliza.

Hapa lazima nieleze tabia ya kaka yangu, na si yake peke yake, wenye mashine wengi wako hivyo. Mwenye biashara hapokei mzigo. Anayepokea ndiye amekubali, hata kama mashine ni mbovu. Kwa hiyo kaka kila mara alimsukumia mtu mwingine: mlinzi, mfagizi, yeyote aliyekuwa karibu. Mashine ikileta matata, anakuja juu kwa msambazaji: aliyepokea simtambui, njoo uchukue kitu chako. Alikuwa anajiona mjanja sana.

"Dada yangu atapokea," akasema.

Ile sauti ikashuka, ikawa mnong'ono. "Kaka, taja jina lako mwenyewe. Nakuomba."

"Wewe leta mzigo, acha maneno mengi."

"Dada... anakubali?"

Kaka akanikonyeza. Nami nilikuwa nimechoshwa na kinanda, na msimamizi, na soda za moto. "Nakubali," nikasema. "Ije tu."

Ndipo nikasikia yule kijana anavuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa gunia.

"Nisamehe, dada," akanong'ona. "Nimengoja sana."

Kabla hatujakata simu, mlango wa bati ukagongwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hatukusikia gari. Hatukusikia hatua. Kaka akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa maboksi, na kidole chake kikaelekezwa kwangu. Wewe. Nenda kapokee.

Nikafungua.

Nje alisimama mwanamume mmoja, kofia imeshushwa machoni, na mbele yake mashine mpya inang'aa. Mashine ile hubebwa na wanaume wanne, tena kwa kulalamika. Yeye alikuwa peke yake, na hakutoa jasho. Harufu ikanipiga usoni, harufu ya friji iliyozimwa na kufungwa muda mrefu na kitu kikiwa ndani.

Hakuwa na kalamu wala kitu cha kutia sahihi. Akainua simu ndogo nyeusi, akaisogeza mdomoni mwangu, karibu kabisa, mpaka baridi yake ikanigusa midomo.

"Sema umepokea."

"Nimepokea."

"Rudia."

"Nimepokea."

Kitu kikanikwaruza kooni, taratibu, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo.

"Rudia."

"Nimepokea," nikasema, na ikatoka kwa mkwaruzo. Nikataka kuufunga mlango. Mkono haukusogea.

"Rudia."

Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Yule mtu akaiweka ile simu sikioni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na bidhaa. Akaondoka. Nilipotoa kichwa nje, uchochoro ulikuwa mtupu, na vumbi halikuwa na alama ya mguu wala tairi.

Usiku ule nilisimama getini kwetu na sikuweza kuita. Nikasukuma mlango. Mama akasimama, fimbo juu.

"Nani?"

Nikamshika mkono. Akanichapa begani, kisha kichwani, huku anapiga kelele za mwizi. Majirani wakaja, wakamwambia huyu ni mwanao, naye akakataa: mwanangu huita getini. Nililia kwa mdomo wazi bila sauti, na hakuna anayemsikia mtu anayelia hivyo, hata akiwa mbele yake.

Daktari wa pale pale hospitali alinimulika kooni kwa tochi. "Koo ni zima kabisa," akasema. "Labda una msongo." Msongo! Nyuma yake, koridoni, mashine mpya ilikuwa inadondosha soda baridi, kop, kop, na watu wamepanga foleni.

Fundi wetu wa mashine ndiye aliyeniamini. Nilimwandikia yote kwenye simu, akasoma mara mbili, akawasha sigara, akaizima. Akaenda kumtafuta yule mwenye mashine za stendi. Alirudi jioni, uso umempauka.

"Yule mdogo wake," akasema, "alipoteza sauti mwaka jana, siku waliyopokea mashine. Wakazunguka naye kila mahali. Juzi jioni, ghafla, akaongea. Unajua neno lake la kwanza? Alisema, masikini dada wa watu."

Nikamwonyesha simu yangu: piga. Waambie waje wachukue mashine yao.

Akapiga. Haikuita.

"Huduma kwa wateja, nikusaidie nini?"

Fundi akaiangusha simu.

Ilikuwa mimi. Mimi kabisa, na ule mkwaruzo wangu mdogo mwishoni mwa maneno, ambao mama hupenda kuuiga. Ila nilikuwa mpole. Nilikuwa na adabu ambayo katika maisha yangu sijawahi kuwa nayo.

Fundi akaiokota kwa vidole viwili. "Tunataka... tunataka kurudisha mashine."

"Pole sana kwa usumbufu. Mzigo ukishapokelewa haurudi mpaka apatikane mpokeaji mwingine. Je, una mtu?"

Fundi akanitazama. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zote. Nilimnyang'anya simu, nikaiweka mdomoni, nikapumua, nikapumua, nikajikamua mpaka machozi yakanitoka.

"Samahani," sauti yangu ikaniambia. "Hatukusikii. Tafadhali ongea kwa sauti."

Mnadhani kaka alifanya nini? Aliagiza nyingine. Naam. Safari hii alimpokezesha mlinzi wa gereji, na mlinzi hakupatwa na lolote. Nadhani walikuwa na sauti ya kuwatosha kwa sasa. Kaka akatanua biashara: chuoni, stendi, benki. Nilikuwa namsikia stoo akiongea na ile simu. "Tafadhali dada. Asante sana dada. Ubarikiwe." Mimi mwenyewe, tangu tuzaliwe, hakuwahi kuniambia tafadhali. Kama aliitambua ile sauti? Aliitambua. Nilimwona anavyogeuza uso kila nikiingia.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonimaliza ni la mama.

Mama aliniulizia kila siku. Kwa nini sipigi simu, kwa nini siji. Kaka angeweza kusema ukweli, angeweza angalau kumshika mama mkono na kumwambia huyu ni mwanao, amepatwa na balaa kwa ajili yangu. Akaona aibu. Akamwambia nimepata kazi mbali, kazi nzuri, ya ofisini, na kwamba huyu asiyesema ni msaidizi wa nyumbani aliyemleta.

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Huduma kwa wateja," akasema, kisha akabonyeza ile namba na kumpa simu.

Nilikuwa jikoni. Nilisikia kila kitu.

"Mwanangu! Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nikusaidie nini?"

Mama akalia kwa furaha. Nami nikakaa sakafuni.

Tangu hapo anapiga asubuhi, mchana na jioni. Haiiti, inapokelewa. Ile sauti haina haraka, haina kazi nyingine. Inayajua ya utotoni mwangu, inajua dawa zake, inajua wapi panamuuma. Nimejaribu kuificha simu, mama akasusa kula siku nzima. Nimemshika mikono nikaiweka usoni kwangu, apapase pua yangu, paji langu, kovu la kidevuni. Alipapasa, kidole chake kikasimama kwenye kovu.

"Unafanana naye," akasema. "Ila mwanangu nimeongea naye sasa hivi."

Leo jioni amepiga tena. Nilikuwa namkanda miguu.

"Siku hizi umekuwa mpole, mwanangu," akawa anamwambia. "Zamani ulikuwa unanigombeza. Kazi imekutuliza." Akacheka, na ile simu ikacheka, kicheko changu. "Hapa sijambo. Ila huyu bubu wa kaka yako ananitia wasiwasi. Usiku anakuja kulala miguuni pangu, anatetemeka. Nahisi machozi yake kwenye shuka. Namuuliza kitu, hajibu. Ni mkarimu, simsemi vibaya, lakini nyumba imenyamaza mno. Nitafutie mwingine anayeongea."

"Sawa, mama," nikajisikia nikisema. "Tutakuletea mwingine leo leo."

"Leo leo?"

"Kabla jua halijazama."

Nimempora simu, nimeivunja kwa mchi. Haikusaidia. Nimesogeza kabati mlangoni, nimekaa chini, mgongo wangu kwenye kabati, naandika haya kwenye simu yangu na kuyatuma kwa yeyote ninayemjua. Kaka hajajibu. Fundi anasema yuko njiani.

Harufu imeshaingia, ile ya friji. Inapita chini ya mlango.

Wamegonga mara moja tu, kwa adabu.

Mama amesimama juu yangu na fimbo yake. Ananiambia nimpishe, mgeni asikae nje. Kwenye upande wa pili wa mlango sauti yangu inaita kama nilivyokuwa naita getini, "Mama, nimerudi!" na mama ameitupa fimbo, analisukuma kabati kwa mikono yake miwili, anacheka, anasema, "Nakuja, mwanangu, nakuja."