Fundi Aliyebaki Chini ya Landrova

Nati nane za giaboksi Eliakim alizikaza Jumanne kwa mkono wake mwenyewe, akachomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana ili kuongeza nguvu, akavuta mpaka bega likamuuma. Jumatano asubuhi alizikuta zimefunguliwa. Hazikuwa zimetupwa ovyo. Zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, kwa mstari mmoja, zimepanguswa mafuta mpaka zinang'aa. Eliakim hakuwa mtu wa kupanga vitu. Spana zake zote zilikaa ndani ya ndoo moja, na akitaka moja aliimwaga yote chini.

Alimwita mkewe aje aone. Rispah alikuwa tayari langoni, amevaa sare yake ya uuguzi na barakoa, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisema kama nati zimefunguka basi hazikukazwa, akaenda zake kazini.

Maneno hayo yalimkaa Eliakim kooni siku nzima, na sababu ilikuwa ng'ombe.

Huo ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka ule wa korona. Eliakim alikuwa dereva wa watalii kwa miaka kumi na mmoja, mpaka wageni walipoacha kuja na tajiri wake akawaambia madereva wote wakae nyumbani wangoje kuitwa. Hakuna aliyeitwa. Binti yao, Joy, walikuwa wamempeleka Naitiri kwa nyanyake shule zilipofungwa. Rispah alitoka kila asubuhi kwenda zahanati na kurudi kabla ya saa ya kafyu, na Eliakim akabaki katika nyumba yao nje kidogo ya Kitale, akifagia ua ambao ulikuwa safi. Ndipo akasikia kwamba kuna mzee wa Endebess, jina lake Kimaiyo, ana Landrova ya zamani imekufa shambani na anataka iondoke haraka. Eliakim alipanda huko juu na ng'ombe wa maziwa, akambadilisha na gari hilo, akarudi akiwa nyuma ya trekta inayolivuta. Ng'ombe alikuwa wa Rispah, alipewa na kaka yake. Eliakim aliapa kwamba kabla ya wiki mbili Landrova itakuwa ikibeba viazi kutoka mashamba ya Mlima Elgon, kule ambako pikapu za watu hukwama mvua ikinyesha. Wiki ya nne ilikuwa imeanza, na mama wa nyumba alikuwa akinunua maziwa dukani.

Alikaza nati upya na kuzitia alama ya rangi nyeupe. Kesho yake zikawa juu ya gunia tena. Aliunganisha mpira wa radieta, akaukuta umechomolewa na kukunjwa vizuri kama mshipi. Alifunga breki za nyuma, zikafunguliwa. Alinunua kufuli la lango, akamlaumu jirani, akamwomba jirani msamaha, akalaumu watoto wa mtaa ambao hakuwa amewaona kwa miezi miwili. Kila alichojenga kilibomolewa, tena kwa ustadi kuliko alivyokijenga, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mwizi angemuudhi kidogo. Huyu alikuwa kama mwalimu anayekufutia kazi yako yote bila kukuambia umekosea wapi.

Siku moja mchana alikuwa jikoni akipasha ugali wa jana. Akasikia nje chuma kikigongwa, polepole, kama fundi anayelegeza kitu kilichoshika kutu. Kikagongwa mara tatu. Kisha mtu akasonya, ule msonyo mrefu wa mtu aliyechoshwa na kazi ya mwingine.

Eliakim alitoka na mwiko mkononi. Hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Spana namba kumi na saba ilikuwa chini ya gari, na alipoiokota ilikuwa na joto, joto la kiganja. Pale chini palinuka dizeli, na nyuma ya dizeli palinuka udongo mbichi wa shimo refu, ingawa ua wake wote ulikuwa wa saruji.

Hakumwambia Rispah. Angeanzia wapi, na ng'ombe hayupo?

Ijumaa iliyofuata mvua ilishuka saa tisa alasiri, mvua ya Kitale yenye mawe, ikapiga mabati ya kibanda mpaka mtu asingeweza kusikia sauti yake mwenyewe. Eliakim alikuwa chini ya Landrova, amelala chali juu ya katoni, jeki ikiwa imeinua gari upande wa mbele. Alikuwa amekasirika hata hakutaka kungoja mvua ipungue. Alikuwa akikaza nati ya sita alipohisi kwamba hayuko peke yake pale chini, na hakujua alijuaje, labda ni ile katoni iliyobonyea upande wa kushoto kama godoro linavyobonyea mwenzako akigeuka, labda ni pumzi iliyompitia sikioni ikiwa baridi na yenye harufu ya ule udongo, lakini shingo yake ilikataa kugeuka, na alipokuwa bado anaishawishi igeuke akaona chuma kilicho juu ya uso wake kimeshuka, kidogo tu, upana wa kidole, kisha upana wa kidole kingine, bila kishindo, jeki ikipumua hewa yake pole pole kama mtu aliyeamua kuketi, na mkono ambao haukuwa wake ukapita mbele ya macho yake, mweusi kwa oili, ukashika ile nati ya sita aliyoikaza sasa hivi, ukaanza kuifungua.

Alipiga kelele, na mawe ya mvua yakaifunika. Chuma kiligusa kifua chake. Kisha kitu kilimkamata vifundo vya miguu, kikamburuta juu ya saruji mpaka mgongo ukachubuka, na gari likaanguka chini nyuma ya kichwa chake kwa mshindo ulioshinda mvua.

Alikuwa ni Rispah. Alikuwa ametoka kazini mapema, ameloa chapachapa. Alimkokota mpaka jikoni, akafunga mlango, akakaa sakafuni karibu naye. Meno yake yaligongana.

"Baba Joy," alinong'ona, "miguu ilikuwa minne."

Eliakim aliuliza miguu gani.

"Pale chini. Iliyotokeza ilikuwa miguu minne. Miwili ilikuwa na viatu vya gambuti. Mimi nilikujua kwa soksi."

Jioni hiyo Eliakim alimpigia Kimaiyo simu. Alianza kwa hasira, akamwambia amemuuzia gari lenye jini. Mzee alijibu kwa sauti ya chini, akaomba asikatizwe.

Alisema alikuwa na fundi, kijana wa Kabuchai, jina lake Job. Mikono mizuri, mpole, mtu wa kupanga spana zake juu ya gunia kabla ya kuanza kazi. Mwezi wa nne Landrova ilikufa wakati wa kulima, na Kimaiyo alikuwa amechelewa, wafanyakazi wakimngoja, mvua ikimkimbiza. Job alisema gari linahitaji siku mbili. Mzee alimjibu vibaya.

"Nilimwambia asitoke chini ya hilo gari mpaka liwake," alisema Kimaiyo. "Hivyo tu. Nikaenda kula. Niliporudi, jeki ilikuwa imeteleza."

Maiti ilipelekwa kwao na kuzikwa asubuhi na mapema, watu kumi na watano, kila mmoja mbali na mwenzake, maafisa wakiharakisha. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda Endebess kuita roho ya Job irudi nyumbani kutoka mahali alipoangukia, kama watu wa kwao wanavyofanya mtu akifa safarini au kazini. Kimaiyo alianza kusikia spana siku ya nne. Siku ya kumi alikuwa akitafuta mtu wa kumpa gari. Aliomba radhi mara nyingi, na mwisho akatoa namba ya simu ya mama wa kijana, maana yeye mwenyewe hakuwa na uso wa kuipiga.

Rispah ndiye aliyempigia, akamweleza yote, hata maneno ya Kimaiyo. Mama huyo aliitwa Phanice. Hakuuliza maswali. Aliuliza tu kama gari limewahi kuwaka tangu mwanawe afe, na alipoambiwa bado, akasema atakuja kesho.

Alifika kabla ya saa sita, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, kitambaa kichwani, mkoba begani. Alinawa mikono langoni kama sheria ilivyotaka. Kisha aliizunguka Landrova mara moja, akainama, akatazama chini yake kwa muda. Eliakim na Rispah walisimama mlangoni, tayari kukimbia. Mama Phanice aliongea Kibukusu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwuliza mwanawe kama amekula. Halafu akawageukia.

"Nani amekuwa akikaza hizi nati?"

Eliakim alisema ni yeye.

"Umekuwa ukimharibia kazi," mama akasema. "Giaboksi imepasuka ndani, wewe unaifunga tu juu. Aliambiwa asitoke mpaka liwake. Sasa ataendaje, na kila siku unamrudisha mwanzo?"

Hata katikati ya hofu, Eliakim aliona aibu ikimpanda usoni. Miaka kumi na mmoja barabarani, na marehemu alikuwa akimsonya. Aliuliza, kwa unyonge, wafanye nini.

"Inueni gari. Muacheni amalize."

Waliinua Landrova kwa jeki mbili na magogo manne. Mama Phanice alitandika gunia, akamwaga ile ndoo na kupanga spana juu yake moja baada ya nyingine. Kisha watatu hao waliingia ndani, wakaketi sebuleni, na Rispah akavuta pazia.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa kali, kuku wa jirani wakilia. Halafu spana ya kwanza ikaokotwa. Walisikia kila kitu mchana ule mweupe, nati zikilegea na kuwekwa chini, kitu kizito kikishushwa na kuburutwa, tupa ikikwaruza chuma, pumzi ya mtu anayejikaza, na katikati ya hayo yote mluzi mdogo usio na wimbo, ule ambao mafundi hupiga kazi ikianza kuwatii, na Rispah akiwa amemshika mumewe mkono mpaka kucha zikaingia nyamani, na mama Phanice akiwa ameketi wima ukutani, ameweka mikono mapajani, akitabasamu na kulia kwa wakati mmoja kila mluzi ule ulipopita dirishani, kwa sababu tangu apokee ujumbe wa kifo mpaka saa ile hakuwa amemsikia mwanawe hata mara moja.

Saa kumi kasorobo spana ziliacha kusikika. Kukawa kimya. Kisha stata ikalia, mara moja, ya pili, na Landrova ikawaka.

Betri ilikuwa ndani ya nyumba, chini ya meza, karibu na miguu ya Eliakim. Aliitazama.

"Sasa tumpeleke nyumbani," mama akasema. "Kafyu haiko mbali."

Rispah hakutaka mumewe aende. Alimvuta kando na kumwambia hivyo, na Eliakim akamjibu kwamba yeye ndiye aliyelileta gari hilo hapo, hakuna mwingine wa kulitoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima wasigombane juu yake. Rispah alimfunga barakoa mwenyewe.

Landrova zile za zamani zina viti vitatu mbele. Mama Phanice alipanda akakaa dirishani kabisa, akakiacha cha katikati. Eliakim aliendesha akitazama barabara tu. Kila alipobadilisha gia mkono wake ulipita mahali penye baridi. Walipita Kiminini, na gari lilikwenda vizuri kuliko gari lolote alilowahi kushika, na jambo hilo pia lilimuuma.

Kabla ya kufika Kamukuywa palikuwa na kizuizi. Askari kijana alikuja dirishani, akawasalimia, akauliza wanatoka wapi. Eliakim alisema Kitale, anampeleka mama Kabuchai. Askari aliinama akachungulia ndani, akakunja uso.

"Nyinyi wawili mko sawa," alisema. "Na huyo wa katikati, barakoa yake iko wapi?"

Mama Phanice alifungua mkoba wake taratibu, akatoa barakoa ya kitambaa, akageuka, na mikono yake ikafanya kitu hapo katikati, juu, kwenye kimo cha uso wa mtu mrefu. Eliakim aliangalia vidole vyake mwenyewe kwenye usukani. Hakuona barakoa ikirudi mkobani.

"Haya, sasa endeni," askari akasema. "Na umwambie aoge, bana. Amejaa oili."

Jua lilikuwa limeinama juu ya mashamba ya miwa walipoingia boma la mama Phanice. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujalala. Eliakim alisimamisha gari, akachomoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma. Alikanyaga, akavuta gia, akachomoa kila alichoweza kuchomoa. Ilinguruma tu.

Mama Phanice aliteremka kwanza. Alishika mlango ukiwa wazi, akainamisha kichwa ndani.

"Zima, mwanangu," alisema. "Imewaka. Kila mtu ameisikia."

Injini ikazimika. Katika kimya kile Eliakim alisikia springi za kiti cha katikati zikilia na kuinuka, moja moja, kama zinavyofanya mtu mzito anapoamka. Mama Phanice aliendelea kuushikilia mlango. Aliushikilia kwa muda mrefu, bila haraka, kama unavyomngoja mtu anayeshuka na mgongo uliokakamaa kwa kulala sana chini. Kisha akasogea pembeni, akampisha, akaufunga.