Kipande Kinene cha Katikati

Jumamosi asubuhi kazi zilikuwa zilezile. Kaka alifagia ua, mama akatia mafuta cherehani yake, na Tayari akaosha vyombo vya chai. Tayari halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo nyumbani na shuleni kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali. Umetandika kitanda? Tayari. Umefua sare? Tayari. Ukienda kutazama, ungekuta kitanda kimetandikwa vizuri sana upande ule unaoonekana kutoka mlangoni.

Alipomaliza vyombo alipanda kwenye kigoda, akashusha mkebe wa nyama kavu kutoka juu ya kabati, akaufungua. Harufu ilimpiga kabla macho hayajaona. Vipande vya nyama vilikuwa vimeota ukungu mweupe, laini kama pamba, na viwili vitatu vilikuwa vimeanza kugeuka kijani.

"Tena," alisema. Akautua mkebe mezani kwa kishindo. Kifuniko kilimponyoka, kikabingirika hadi chini ya jiko, na alipoinama kukitafuta akagonga kichwa kwenye mpini wa sufuria.

"Hicho kichwa nacho ulikijaribu kama kimekauka?" kaka yake aliuliza kutoka uani, ufagio mkononi.

"Niache. Ni wewe unayefungua mkebe wangu ukiingiza hewa."

"Mimi nile chakula cha mbwa? Labda ningekila kama wewe ungekuwa unakipika vizuri."

Tayari hakucheka. Nyama ile haikuwa mchezo. Soksi, mbwa wao mweusi mwenye miguu minne myeupe, alikuwa na tabia ya kumrukia kila aingiaye getini, na mwezi uliopita alimrukia mwenye nyumba akamchana suruali. Mwenye nyumba ni mtu wa maneno machache. Alisimama palepale, ameshika suruali yake kwa nyuma, akasema, "Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao nitapita. Akinirukia tena, mtafutie pengine pa kuishi."

Basi Tayari akamwendea mtu aliyefundisha mbwa wa ulinzi katika uwanja nyuma ya ghala la mbao. Watu walimwita Filimbi kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake hata akiwa dukani kununua mkate. Walikubaliana hivi: yeye angemfundisha Soksi kila Jumamosi bila malipo, na Tayari angemtengenezea nyama kavu, maana kila mbwa anapotii hupewa kipande kidogo. "Nina mbwa sita," Filimbi alisema, "oveni sina hata moja."

Akamweleza kazi yote. Alimpa moyo wa ng'ombe kwa sababu hauna mafuta mengi. Auondolee mafuta yaliyobaki, aukate vipande vyembamba kama rula, avichemshe kidogo kuua vijidudu, kisha avipange kwenye waya wa oveni kwa moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo mvuke utoke. Muda wa saa tano, sita. Mwisho achukue kipande, kipoe, akivunje. Kikikatika, kimekauka. Kikipinda, bado.

Mara ya kwanza Tayari alitia chumvi na kitunguu, kama anayepikia wageni. Filimbi aliikataa yote: kitunguu ni sumu kwa mbwa, na chumvi nyingi huwadhuru. Mara ya pili, ukungu. Filimbi alimtazama akasema, "Ikiharibika tena, tuachane kwa amani. Siwezi kufundisha mbwa kwa mikono mitupu."

Na sasa hii hapa imeharibika tena, na zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili: hii ya leo na ile ya mwenye nyumba.

Tayari alisimama jikoni huku machozi ya hasira yakimchoma macho. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Alikata, alichemsha, alipanga, aliweka mwiko mlangoni mwa oveni. Alikivunja kipande na kikakatika *ka*, kama kijiti. Kosa ni la nani basi? La mkebe. La oveni ya mama, kuukuu ile. La mvua ya juzi.

Alichungulia uani. Kaka alikuwa amempa mgongo, na cherehani ya mama ilikuwa ikikereza chumbani. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye siki, akaanza kufuta kipande kimoja kimoja. Ukungu ulitoka. Vile vya kijani alivitupa. Vilivyobaki alivirudisha ovenini dakika ishirini, vikang'aa vizuri kabisa. Ukivitazama usingejua kitu.

Uwanjani Filimbi alifungua mkebe, akanusa. "Leo inanukia siki."

"Nilisafishia mkebe," Tayari alijibu. Mkebe kweli alikuwa ameusafisha, kwa hiyo haukuwa uongo mtupu.

Filimbi akachukua kipande, akapuliza filimbi mara moja. Soksi, ambaye wiki zote zile alikuwa akiruka kama chura, aliketi. Aliketi kweli, makalio chini, masikio juu, macho yameganda kwenye ule mkono. Tayari alipaswa kufurahi. Lakini kutoka pale aliposimama aliona ukingo wa kile kipande, na kwenye ukingo palikuwa na doa dogo la kijani alilolisahau. Soksi alifungua mdomo. Mbwa yule angekula chochote ambacho angepewa.

"Mjomba, usimpe."

Mkono wa Filimbi ulisimama hewani.

"Ina ukungu," Tayari alisema, akitazama viatu vyake. "Niliufuta kwa siki. Niliogopa utaniacha."

Filimbi hakufoka. Alikigeuza kile kipande, akakipinda, na badala ya kukatika kikapinda kama ulimi wa kiatu. Akakirudisha mkebeni, akafunga, akakaa juu ya gogo.

"Unajua ungeweza kuwaumiza mbwa saba kwa siku moja?" alisema. "Ukungu ukiufuta juu, ndani umebaki."

"Najua, mjomba. Sasa najua."

"Nilisema ikiharibika tuachane."

"Ndiyo."

"Sikusema ikiharibika na ukaniambia mwenyewe tufanyeje. Hilo sikulipangia." Aliinuka, akaingia ghalani, akatoka na mfuko wa nyama. "Huu ni wa mwisho. Si kwa kukutisha, ni wa mwisho. Niletee Jumamosi, nyama ikiwa kavu."

Nyumbani Tayari alimwambia mama kila kitu, kwa sababu mfuko wa nyama usingeweza kujieleza wenyewe. Mama alikuwa akishona suruali za sare. Alisikiliza pini zikiwa mdomoni, akazitoa, akauliza, "Siki yangu imebaki kiasi gani?"

"Nusu."

"Kesho nitakaa jikoni nikutazame. Sitasaidia. Nitatazama tu."

Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu anayetazama tu. Jumapili mama alileta kiti chake jikoni, akakaa na suruali mapajani akipachika vifungo, na kila Tayari alipogeuka alikutana na yale macho. Kisu kilimteleza. Vipande vingine vilitoka vyembamba, vingine vinene kama soli. Mama kimya. Tayari alivipanga vile vyembamba mbele, karibu na mlango wa oveni, na vile vinene akavisukuma katikati. Mama kimya. Kaka alipita akasema, "Leo tunaoka viatu?" Mama akamtuma dukani, ingawa hawakuhitaji kitu.

Baada ya saa nne Tayari alifungua oveni. Alinyoosha mkono moja kwa moja, bila hata kufikiri, akachukua kipande chembamba kabisa pembeni. Akakipuliza kikapoa. *Ka.*

"Tayari," alisema.

"Rudia," mama alisema.

"Tayari, mama. Umesikia kilivyokatika."

"Nimesikia. Kwa nini umechukua hicho?"

"Ndicho huwa nachukua."

"Ndiyo nauliza. Kwa nini?"

Mama aliweka suruali kando, akashika koleo, akachomoa kipande kinene kutoka katikati ya waya, akakiweka kwenye sahani. "Tungoje kipoe."

Walingoja. Zilikuwa dakika ndefu kuliko zote alizowahi kukaa jikoni. Kisha mama akamsogezea sahani. Tayari alikipinda. Kikapinda. Akakipinda zaidi kikachanika polepole, na ndani kilikuwa na unyevu, rangi ya matofali mabichi. Akakitazama huku uso ukimwaka moto. Mkebe haukuwa na kosa. Oveni nayo haikuwa na kosa, kuukuu hivyo hivyo. Na jambo lililomuudhi kuliko yote ni kwamba hakushangaa. Mahali fulani kichwani alijua siku zote kwamba vile vinene bado, ndiyo maana mkono wake haukuwahi kwenda katikati.

"Nilichoka kungoja," alisema taratibu. "Nilitaka kikatike, nikachukua kinachokatika."

"Haya. Sasa tunaweza kufanya kazi," mama alisema.

Tayari alivitoa vyote. Vile vinene alivipasua katikati, akavipanga upya kwa nafasi, akarudisha mwiko mlangoni. Aligeuza waya kila saa. Mikono ilinuka nyama, mgongo ulimuuma, na marafiki zake walikuja kumwita wacheze rede wakaondoka bila yeye. Jua lilipoanza kushuka alichagua kipande alichokiogopa kuliko vyote, akakiacha kipoe hadi mwisho, akakivunja. Kilikatika. Akachagua kingine. Kikakatika. Akajaribu vitano kabla ya kufunga mkebe.

Kila siku ya wiki ile alifungua mkebe akanusa. Hapakuota kitu.

Jumamosi asubuhi Filimbi alikuja mwenyewe nyumbani kwao. Hakuchukua kipande cha juu. Aliingiza vidole mpaka chini ya mkebe, akapekua, akatoa kinene kuliko vyote, akakivunja karibu na sikio. Akaguna, akajaza mfuko wake wa koti. Kwa Filimbi, hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akamketisha Soksi karibu na geti tena na tena, safari hii kwa kiganja na neno la Tayari, kipande kimoja kila alipotii.

Mwenye nyumba alifika saa nne, akashika geti. Soksi alinyanyuka. Tayari alinyoosha kiganja na kusema, "Keti." Soksi alitetemeka mwili mzima, mkia ukafagia vumbi, akaketi. Mwenye nyumba alipita mbele yake taratibu kama anayepita mbele ya moto. Alipofika upande wa pili alijipapasa suruali kwa nyuma. "Abaki," alisema.

Walipokwisha kuondoka wageni, mama alirudi kwenye cherehani. Tayari alikaa karibu naye, Soksi akitafuna chini ya meza.

"Mwanangu, ninaposhona suruali ya shule," mama alisema bila kuinua macho, "sivuti mshono wa mfukoni. Ule hauchaniki. Navuta pale mnapochana mkiruka ukuta. Nikiukuta umelegea nakasirika, nafumua, nashona upya. Afadhali nikasirike mimi hapa kuliko mtoto wa watu achanike mbele ya darasa." Akakata uzi kwa meno. "Ukikagua kazi yako, kagua pale unapoogopa kutazama. Kwingine kote unajidanganya tu, na ukishajidanganya wewe, kuwadanganya wengine hakukawii. Uliona mwenyewe ile siki."

"Niliona, mama."

"Vizuri. Hesabu za Jumatatu umemaliza?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Tayari alifikiria lile swali la saba, refu, la sehemu, alilokuwa ameliruka.

"Bado," alisema, akaenda kuleta daftari.